Shemasi wa Oxford na Matriksi Zinazovimba

Ukilitaja jina la Lewis Carroll kwa watu wa fasihi, watakujibu papo hapo: huyo ndiye wa Alice, binti aliyemfuata sungura shimoni. Kitabu chake kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1940, kikaitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu. Lakini litaje jina hilohilo kwenye darasa la aljebra ya matriksi, watu watadhani unawatania. Mimi nasoma hisabati, na makala hii nataka nimsimulie mtu huyu kutoka upande wetu. Kuna kazi aliifanya mwaka 1866 kwa kalamu na karatasi, na leo imo ndani ya programu tunazozifungua kwenye maabara ya kompyuta. Wengi wetu tunabonyeza kitufe bila kujua kwamba kinachofanyika humo ndani kinafanana sana na alichokifanya yeye.

Jina lake halisi ni Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi wa Kianglikana. Nyumbani walizaliwa watoto 11, yeye akiwa wa tatu na wa kwanza kwa wavulana. Alikuwa na kigugumizi ambacho hakikumwacha maisha yake yote, na sikio lake moja halikusikia vizuri tangu utotoni. Mwaka 1843 familia ilihamia Croft-on-Tees, na huko kijana Charles akawa ndiye mtunzi wa michezo ya nyumbani: mafumbo, maigizo, na magazeti ya kuandikwa kwa mkono ambayo wasomaji wake walikuwa ndugu zake. Kutunga na kuhesabu kwake vilikwenda pamoja tangu mwanzo.

Alisoma shule ya bweni ya Rugby, ambako hakufurahia maisha hata kidogo, ila hisabati alikuwa moto. Januari 1851 aliingia chuo cha Christ Church, Oxford. Siku mbili tu baada ya kufika, habari zikamfuata kwamba mama yake amefariki, ikabidi arudi kuzika. Alirudi tena chuoni, akakaza, na mwaka 1854 akapata daraja la kwanza katika hisabati. Mwaka uliofuata akapewa kazi ya uhadhiri, akaifanya hadi 1881. Chuoni penyewe hakuhama mpaka kufa. Mwaka 1861 alipewa ushemasi, lakini daraja la ukasisi hakulichukua.

Kwa sisi tuliotoka Newala, Oxford ya wakati ule si mahali pa mbali sana. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia vyuo vikuu vya Uingereza kuhusu Afrika, na hotuba zile zikazaa misheni ya vyuo vikuu, ile tunayoijua kama UMCA. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi watu waliokombolewa utumwani, na Masasi iliposhambuliwa mwaka 1882, kazi ya misheni ikahamia Newala. Chauncy Maples, mmoja wa walioiongoza kazi hiyo, alikuwa amesoma Oxford miaka ileile Dodgson akifundisha pale. Yaani chuo kilichotuletea walimu wa kwanza wa kusoma na kuandika ndicho kilichokuwa na mhadhiri huyu mwenye kigugumizi, anayechora majedwali ya namba chumbani kwake.

Julai 4, 1862, Dodgson alikwenda kupiga makasia kwenye mto Thames pamoja na rafiki yake na mabinti watatu wa mkuu wa chuo, akawasimulia hadithi njiani. Hadithi hiyo ndiyo iliyokuwa kitabu cha Alice mwaka 1865. Urafiki wake na watoto, na picha nyingi alizowapiga, ni jambo ambalo waandishi wa maisha yake wanabishania hadi leo, na si haki kulificha. Lakini kitabu kilipokuwa ndio kwanza kinapata umaarufu, mwenyewe alikuwa na shughuli nyingine. Mwaka 1866 Royal Society ya London ilichapisha makala yake fupi kuhusu kubana determinanti.

Kwa msomaji wa sheria au biashara, nieleze kidogo. Matriksi ni jedwali la namba lenye mistari na safu. Likiwa la mraba, kuna namba moja inayotolewa humo, inaitwa determinanti, na namba hiyo inakuambia kama mfumo wako wa milinganyo una jibu moja au la. Ikiwa sifuri, una tatizo. Sasa shida iko kwenye kuipata. Ukifuata ufafanuzi wake moja kwa moja, jedwali la 3 kwa 3 linakupa mazao 6 ya kujumlisha na kutoa. La 4 kwa 4 linakupa 24. La 5 kwa 5 linakupa 120, la 6 kwa 6 linakupa 720. Nitaliita kila zao kipande. Vipande vinakua kwa faktoria, na mtu wa mwaka 1866 hakuwa hata na kikokotoo cha mfukoni.

Njia ya Dodgson ni nyepesi kiasi kwamba unaweza kumfundisha mdogo wako wa sekondari likizo hii. Chukua jedwali lenye mistari mitatu: 3, 1, 2, kisha 1, 2, 1, kisha 4, 1, 5. Angalia kila miraba minne iliyoshikamana, na kwa kila kundi zidisha pembe kwa pembe na utoe. Kundi la juu kushoto ni 3 mara 2, toa 1 mara 1, unapata 5. La juu kulia linatoa hasi 3. La chini kushoto linatoa hasi 7, na la chini kulia linatoa 9. Jedwali la 3 kwa 3 limekuwa la 2 kwa 2. Rudia tena: 5 mara 9 ni 45, toa hasi 3 mara hasi 7 ambayo ni 21, inabaki 24. Mwisho, gawanya kwa namba iliyokuwa katikati ya jedwali la kwanza, yaani 2. Jibu ni 12, na hiyo ndiyo determinanti. Jedwali likiwa kubwa zaidi unaendelea hivyohivyo, kila hatua ukigawanya kwa namba za ndani za jedwali la hatua mbili nyuma.

Angalia hapo kwenye kugawanya. Ukianza na namba kamili, unagawanya na bado unapata namba kamili. Sehemu hazitokei hata mara moja. Hiyo si bahati. Kila namba inayoandikwa njiani ni determinanti ya kipande cha jedwali la mwanzo, kwa hiyo hakuna uchafu unaojilimbikiza. Dodgson aliijenga njia yake juu ya nadharia ya Jacobi, mwanahisabati wa Kijerumani aliyemtangulia, na mwaka 1867 akatoa kitabu kizima kuhusu determinanti. Humo alikataa kabisa kutumia neno matriksi, ambalo Sylvester alikuwa amelianzisha mwaka 1850. Yeye alipendelea kuliita jedwali hilo bloku. Neno lake halikushika. Kuna hadithi maarufu kwamba Malkia Victoria aliipenda Alice, akaomba aletewe kitabu kinachofuata cha mtunzi huyo, akaletewa hicho cha determinanti. Ni hadithi tamu, ila ya uongo: mwaka 1896 Dodgson mwenyewe aliikanusha kwa maandishi.

Njia yake ilikuwa na ugonjwa mmoja, na hakuuficha. Ikitokea sifuri ndani ya jedwali, huwezi kugawanya, umekwama. Dawa aliyoitoa ni kuizungusha mistari au safu, wa juu ukaenda chini, mpaka sifuri iondoke ndani, halafu unaanza upya. Shikilia jambo hilo la sifuri, litarudi.

Sasa twende maabara. Programu za aljebra kama Maxima na SymPy, ambazo ni za bure, zinakubali herufi mahali pa namba. Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoumia. Tuseme una matriksi ya 10 kwa 10, kila mahali herufi yake, jumla herufi 100 tofauti. Determinanti yake iliyotanuliwa ina vipande 3,628,800, kila kimoja kikiwa na herufi 10. Ya 12 kwa 12 ina vipande 479,001,600. Hata kama kompyuta ingetumia baiti moja tu kwa kila herufi, jibu hilo lingekula zaidi ya GB 5, na kompyuta nyingi tulizonunua kwa kujibana kwenye bumu zina kumbukumbu ya GB 4. Kwa kweli programu inatumia nafasi kubwa zaidi ya hiyo kwa kila kipande. Basi skrini inaganda, feni inapiga kelele, na mtu anasema programu ni mbovu. Programu haina kosa. Imeombwa iandike jibu ambalo halina pa kukaa, na hakuna njia yoyote ya ujanja itakayolifupisha jibu ambalo lenyewe ni refu.

Watu wa uwanda wa Makonde tunaijua hesabu hii kwa miguu. Maji yako bondeni, watu wako juu. Kabla pampu hazijaanza kuyapandisha kutoka Mitema, na hata siku hizi pampu zikisimama, anayeshuka kuchota anajua kabla ya kuondoka ni ndoo ngapi nyumba inahitaji na ngapi kichwa kinaweza kubeba. Hakuna anayeshuka ili akajue hukohuko.

Tuchukue hayo mabomba yenyewe kama mfano. Weka matangi 10 yaliyounganishwa, na kila bomba lipe herufi yake ya urahisi wa maji kupita. Tukirahisisha kwamba mtiririko unalingana na tofauti ya msukumo, tunapata matriksi ya 9 kwa 9 baada ya kuchagua tangi moja kuwa la rejea. Kirchhoff alionyesha mwaka 1847, akizungumzia umeme, kwamba vipande vya determinanti ya mtandao kama huu vinahesabika kwa kuangalia mchoro tu: kila kipande ni njia moja ya kuunganisha matangi yote bila kufanya mzunguko. Kama kila tangi limeunganishwa na kila tangi, vipande ni 100,000,000. Kama mabomba yametawanyika kama matawi ya mkorosho, bila mzunguko wowote, kipande ni kimoja tu. Ongeza bomba moja linalofunga mzunguko wa mabomba 5, vipande vinakuwa 5. Ukubwa wa matriksi ni uleule, 9 kwa 9. Kilichobadilika ni umbo.

Hapo kuna mtego mwingine, na ndio unaomhusu Dodgson. Jibu linaweza kuwa fupi, lakini njia ikawa ndefu. Mtandao ule wa matawi una jibu la kipande kimoja, ila ukitanua ovyo unazalisha vipande vingi ambavyo baadaye vinakatana vyote. Ukifuta mistari kwa njia ya kawaida ya Gauss, unapata sehemu juu ya sehemu, zinavimba kila hatua. Wataalamu wanaliita tatizo hili kuvimba kwa katikati. Dawa yake ni ileile ya mwaka 1866: gawanya pale tu ambapo una hakika kwamba mgawanyo utatoka safi, ili kila kilichopo njiani kiwe determinanti ya sehemu ya matriksi yako na si zaidi. Mwaka 1968 Erwin Bareiss alichapisha njia ya kufuta mistari inayofuata kanuni hiyo, akiegemea utambulisho wa Sylvester, ambao ni ndugu wa ule wa Jacobi alioutumia Dodgson. Katika SymPy, ukiomba determinanti ya matriksi iliyozidi 3 kwa 3 bila kuitajia njia, njia ya Bareiss ndiyo chaguo lake la kawaida.

Na ile sifuri? Ilirudi ikiwa mbaya zaidi. Dodgson aliiona sifuri kwa macho. Kompyuta yenye herufi inaweza kukutana na kitu kirefu, mfano mraba wa sini ya x, jumlisha mraba wa kosini ya x, toa 1. Kwa sura si sifuri. Kwa thamani ni sifuri tupu. Programu isipokitambua, itagawanya kwa sifuri huku inatabasamu, na jibu litakalotoka ni upuuzi uliovaa tai. Mwaka huohuo wa 1968 Daniel Richardson alithibitisha kwamba kwa aina fulani pana za semi, hakuna utaratibu wowote wa kompyuta unaoweza kuamua kila mara kama usemi ni sifuri au la. Kwa hiyo unayepaswa kukagua ni wewe uliyeandika herufi hizo na unajua zinasimamia nini.

Kutokana na hayo nina mambo machache ya kuwaambia wenzangu wenye miradi mezani. Hesabu vipande kabla ya kubonyeza. Kama unajua namba za baadhi ya herufi, ziweke mapema, usizisubirishe hadi mwisho. Kama unatafuta jibu la mfumo mmoja wa milinganyo, usiombe kinyume cha matriksi nzima. Utapandisha ndoo mia kwa ajili ya kikombe kimoja. Kama matriksi inagawanyika katika mabunda yasiyogusana, yagawe mwenyewe. Na kama herufi ni lazima zibaki, iache determinanti bila kuitanua, uweke namba nyingi tofauti mojamoja, uangalie jibu linavyokwenda. Desa la mwaka jana halitakuambia haya, kwa sababu mwenye desa alikuwa na matriksi ya 3 kwa 3.

Dodgson hakuishia kwenye determinanti. Kati ya 1873 na 1876, baada ya mabishano ya vikao vya chuo chake, aliandika vijarida kuhusu namna ya haki ya kuhesabu kura pale wagombea wanapozidi wawili. Serikali yetu ya wanafunzi ingefaidika kuvisoma. Wazo linalobeba jina lake ni hili: ashinde yule ambaye, ili awashinde wote mmoja mmoja, anahitaji mabadiliko machache zaidi katika mpangilio wa wapiga kura. Linapendeza, lakini mwaka 1989 watafiti watatu walithibitisha kwamba kumpata mshindi huyo ni miongoni mwa mahesabu magumu ambayo kompyuta inalemewa wagombea wakiwa wengi. Mtu aliyetuonyesha kubana ndiye pia aliyetuachia kisichobanika.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kwenye mantiki, akitaka hata watoto waweze kuijifunza kwa ubao na vidonge vya kuchezea. Januari 1898, akiwa kwa dada zake mjini Guildford, mafua makali yaligeuka nimonia. Alifariki tarehe 14, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 66, akazikwa hukohuko. Wengi walimlilia mtunzi wa Alice. Njia yake ya determinanti ilikaa pembeni kwa miaka mingi.

Ilipoamka, iliamka kwa herufi. Wanahisabati Robbins na Rumsey waliichukua kanuni ya Dodgson, pale penye kutoa wakaweka alama ya jumla, halafu wakatazama kinachotokea. Makala yao ilitoka 1986. Walitegemea fujo. Badala yake mgawanyo ulikuwa unaacha kitu safi, na idadi ya aina za vipande ikawa 1, 2, 7, 42, 429. Namba hizo ziliwasumbua wataalamu hadi Doron Zeilberger alipotoa uthibitisho uliochapishwa mwaka 1996.

Unaweza kuliona mwenyewe usiku huu, hata umeme ukikatika. Andika herufi tisa, a hadi i, katika mistari mitatu. Bana kama Dodgson, ila kila penye kutoa wewe jumlisha, na mwisho gawanya kwa e iliyoko katikati. Utapata aina saba za vipande. Sita ni vile vya determinanti ya kawaida. Cha saba kina e chini yake na 2 mbele yake, na ndicho ambacho alama ya kutoa ilikuwa inakifuta kimyakimya miaka yote.